Pale pa Karafuu

Kitabu chenyewe kilikuwa na kurasa mia moja na themanini na jalada la kijani, na mtu angekiona dukani angedhani ni cha kilimo. Lakini mwaka ule wa tisini na tano, tangu Ganjoni mpaka Mlango wa Papa, hapakuwa na mtu asiyekuwa na la kusema juu yake, na wengi wa wasemaji walikuwa hata hawajakifungua. Kiliitwa Marehemu Hana Haraka. Kisa chake ni hiki: bibi mmoja mwenye nyumba kubwa ya Mji wa Kale amekufa, wanawe wanagombania nyumba, na hawakubali azikwe mpaka wapatane. Basi mwosha maiti, mwanamke mwenye mdomo mwepesi aitwaye Bi Kishindo, anaitwa amwoshe mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kila akimwosha anaona jambo la kumwaibisha mmoja wa warithi. Joto la Mombasa mnalijua. Mwandishi naye alilijua, wala hakumhurumia msomaji.

Mwalimu Kioko, aliyefundisha hesabu katika skuli moja ya Ganjoni, alikisomea katika chumba cha walimu akacheka mpaka chai ikamtokea puani. Mwalimu Nekesa alisema aliyeandika uchafu ule atiwe viboko mbele ya watoto wa skuli. Mwalimu Loise, mwenyeji wa Rabai, mtu wa kanisa na mpole, alisema yeye alicheka, kisha akaona haya kwamba amecheka, kisha akalia kwa sababu alimkumbuka bibi yake, na hajui kama hiyo ni sifa au ni lawama. Mzee mmoja wa Kibokoni aliandikia gazeti barua ya kurasa tatu. Gazeti likachapa mistari minne, naye akakasirikia gazeti kuliko kitabu.

Na mwandishi ni nani? Juu ya jalada palikuwa na jina S. Masha, basi, na hapo ndipo watu walipotia chumvi. Kioko alishikilia kwamba anamjua: karani wa bohari huko Shimanzi, mtu mfupi, jicho moja bovu, waliwahi kula mishikaki pamoja. Nekesa alisikia ni padri aliyefukuzwa. Mwanaesha binti Chonga, mwalimu wa Kiswahili, alikuwa ameinamia madaftari ya insha kwenye kona, kalamu nyekundu mkononi, akasema yeye hana wakati wa upuuzi. Nami nisiwazungushe, maana mambo ya kufichaficha yananichosha: S. Masha alikuwa yeye.

Alikiandika kwa miaka mitatu katika madaftari ya skuli, akakipeleka Nairobi kwa jina la mwanamume, kwa kuwa jina la msichana wa Kibokoni lingejulikana kabla jua halijatua. Hakumwambia mtu, hata Loise. Na mwezi wa kwanza, wallahi, hakuna halua inayofikia utamu alioupata. Kukaa kimya mahali watu wakakugombania, huyu akikusifu na yule akikulaani, nao hawajui kuwa uko hapo hapo unakunywa chai nao! Mara nyingine aliwachokoza. Alikuwa akiuliza, uso mkavu, "Na yule mwosha, mnamwonaje?" Kisha akainama kusahihisha, masikio yamesimama.

Shida ilikuwa nyumbani. Mamake, Bi Mejumaa, ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa wanawake pale Kibokoni, mwaka wa thelathini na moja ule.

Bi Mejumaa alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono mikubwa, na nje ya nyumba yake maneno yake yalikuwa machache kama meno ya kuku. Alikuwa ameshawaona wanawake wa mtaa mzima jinsi walivyo, na kwa hiyo alizoea kuwatazama walio hai machoni tu. Watu walimheshimu, na heshima hiyo ilisimama juu ya jambo moja: anachokiona kitandani mwa kuoshea hakitoki. Mtu akimwuliza, hata kwa mzaha, "Bi fulani alikuwaje?" yeye hujibu, "Alikuwa maiti." Wala haongezi.

Alisoma chuo cha Kurani, akakhitimu, na barua aliziandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wa kupendeza. Lakini herufi za skuli hakufunzwa. Wasichana wa rika lake hawakupelekwa. Mbele ya gazeti alikuwa sawa na mtu aliye mbele ya ukuta. Hakuona haya kwa hilo. Alikuwa na binti mwalimu, na binti mwalimu kazi yake ni nini?

Basi alasiri moja ya Julai akarudi kutoka Ndia Kuu, akavua buibui, akatoa mfukoni kitabu cha kijani.

"Nimekinunua," akasema. "Naambiwa mna mwosha humu. Mji mzima wanitazama kisha wacheka. Nisomee nami nicheke."

Mwanaesha alikipokea, asikifungue. "Mama, ni kitabu kibaya hiki. Walimu wenzangu wasema hakifai."

"Kibaya ndicho nitakacho. Kizuri ninacho." Akajilaza kitandani, akaweka mto nyuma ya mgongo. "Haya."

Angefanya nini? Alikaa kwenye kiti kidogo, akafungua maneno yake mwenyewe, akamsomea mamake. Na mamake alicheka. Alicheka akapiga paja, akajifuta macho kwa leso. Akamrekebisha mwandishi pia: "Hapa amekosea. Maji ya kafuri hayatangulii. Mwandikie huyo Masha, hana anwani?" Na siku ya tatu akasema, kwa sauti ya mtu aliyetosheka, "Huyu Bi Kishindo ni mimi mtupu, ila mimi sina mdomo huo. Mwenye kitabu hiki ametuonea imani sisi wenye kazi hii. Nampenda."

Binti alipaswa kufurahi. Badala yake usiku ule hakula, kwa sababu kesho yake wangefika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili.

Ili mwelewe, sharti niwarudishe miaka kumi na mitano. Mwanaesha alikuwa na umri wa miaka kumi. Siku moja mamake alirudi kutoka maziko ya Bi Mwanahamisi, bibi mtukufu aliyekuwa na nyumba ya ghorofa mbili nyuma ya msikiti, mke wa kadhi mstaafu, mwanamke ambaye hata sauti yake wanaume hawakuwahi kuisikia. Mejumaa aliingia jikoni moja kwa moja, hajala wala hajaketi. Akamwaga jivu sakafuni, akalisawazisha, na kwa kidole chake akachora. Kwanza nanga ndogo. Kisha, polepole, kama mtu anayekumbuka njia, alama sita chini yake. "Mwanangu, hizi ni herufi? Hapa pamesemwa nini?" Mtoto akasoma, akijivunia usomaji wake: "Lennox." Mamake akaomba msamaha kwa Mungu, akafuta jivu kwa unyayo. Halikutajwa tena jambo hilo.

Mtoto akakua. Akasikia habari za manuwari za Waingereza zilizotia nanga Kilindini wakati wa vita vya Hitla, akahesabu umri wa Bi Mwanahamisi, na siku moja, akiwa amepanga mstari wa kusaini mshahara, akaelewa. Hakumwambia mtu. Alikitia kitabuni. Jina alilibadilisha. Mtaa aliubadilisha. Lakini nanga, enyi watu, nanga aliiacha, kwa kuwa ilikuwa nzuri mno kuitupa. Alijiambia kwamba aliyekuwa anaijua ni mamake peke yake. Hakufikiria kuwa mwosha haoshi peke yake, na kwamba siku ile aliyekuwa akimimina maji alikuwa binti wa marehemu, Batuli, aliyekuwa hai bado, anakaa nyumba ile ile, na anasoma vitabu.

Alasiri ya siku ya nne, basi, Mwanaesha alifika ukurasa ule, akaangalia mistari, na sauti yake ikaendelea bila mistari. Alibuni papo hapo. Akasema Bi Kishindo alipomfungua marehemu kinywa kukisafisha, alikuta chini ya ulimi punje moja ya karafuu. Bibi yule, kila mumewe alipomtukana, alikuwa akitia karafuu mdomoni akaing'ata, asije akajibu. Miaka arubaini. Na ya mwisho ilikuwa bado haijang'atwa.

Mejumaa hakucheka. Akasema, "Rudia." Binti akarudia, akijikaza kukumbuka alivyosema. Mamake akatikisa kichwa. "Hapo ndipo penyewe. Kitabu chote ni mzaha, hapo amesema kweli. Nawajua wanawake wenye karafuu ile." Mwanaesha alipindua kurasa nne pamoja na kuendelea mbele. Alijua amefanya uongo juu ya uongo, lakini moyo wake ulitulia kidogo, akadhani amepita.

Hakuwa amepita. Ilikuwa Agosti, skuli zimefungwa, Bi Batuli alipotuma ujumbe nyumba hadi nyumba: Jumapili baada ya alasiri, wanawake wa darsa wakutane kwake, kila aliyekisoma kile kitabu atoe rai yake mbele ya wenzake, yaishe haya ya kunong'onezana. Na kwa Bi Mejumaa alimtuma mkwewe mwenyewe, Salha, karani wa benki, aje kumwalika kwa heshima.

"Mama, tusiende," Mwanaesha akasema. "Watakukasirikia bure, kwa sababu kuna mwosha."

"Mbona wakasirike? Nitawaambia nilivyocheka. Wewe tangu lini waogopa watu?"

Walifika wakakuta viatu vimejaa ngazini. Juu, katika chumba kirefu chenye mikeka, walikuwa wanawake kama ishirini, mabuibui yametundikwa, kahawa na kaimati zinazunguka. Bi Batuli, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, aliinuka kumpokea Mejumaa, wakapeana mikono, wakaulizana hali, ya nyumbani, ya afya, ya jua, kama desturi ilivyo, wala hakuruka hata salamu moja. Lakini alimketisha mbele yake, uso kwa uso. Mwanaesha alikaa karibu na mlango.

Rai zikaanza. Mmoja akasema kucheka mauti ni kukosa imani. Mwingine akajibu kwamba mwandishi hakucheka mauti, amewacheka warithi, na mwenye kuumia ajiulize anarithi nini. Bibi mmoja mwenye meno ya dhahabu alisema amekisoma mara mbili, mara ya pili kwa kumkomesha mkaza mwanawe. Kisha mmoja akasema kwa uchungu kwamba marehemu wa kitabuni ni bibi yake mzaa mama, dhahiri, kwa ule mlango wenye misumari kumi na minane. Mwenzake akamruka: misumari kumi na minane ni ya mlango wa kwao, na bibi aliyetukanwa ni wake. Wakashindana, kila mmoja akitaka marehemu awe wa kwake, mpaka ikabidi wapozwe kwa kahawa. Siku nyingine Mwanaesha angekufa kwa kicheko. Leo alimtazama Batuli tu, na Batuli hakuwa akimsikiliza yeyote. Macho yake yalikuwa kwa Mejumaa.

"Na wewe, Da' Mejumaa?" Batuli akauliza. "Wewe ndiye mwenye kazi. Waonaje?"

Mejumaa akajiweka sawa. "Mimi nimesomewa chote, nami nimekipenda. Msinune. Aliyekiandika anacheka, lakini moyo anao. Kama hamwamini, someni pale pa karafuu."

Kila mmoja akajaribu kukumbuka.

"Pale pa nini?" Salha akauliza. Kitabu kilikuwa pajani mwake, kimevishwa karatasi ya gazeti.

"Pa karafuu. Kuosha mara ya tatu. Chini ya ulimi."

Salha akapekua, akapekua tena. "Bi Mejumaa, mimi nimekisoma mara tatu. Hamna karafuu humu."

"Iko. Mwanangu amenisomea mara mbili." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Wanawake wengine walitazamana.

"Salha," Batuli akasema, "soma huko kuosha mara ya tatu. Soma kama palivyoandikwa."

Salha akasoma, kwa sauti ile ya benki isiyopanda wala kushuka:

"Bi Kishindo aliuinua mkono wa marehemu, nguo ya kumsitiri ikateleza kwa maji, na chini ya ziwa la kushoto akaona nanga. Nanga ndogo ya wino wa buluu, iliyochomwa kwa sindano, na chini yake jina. Lilikuwa jina la mwanamume, wala si la mumewe, wala si la mtu yeyote aliyepata kuswali katika mji ule. 'Ewe bibi,' akasema Bi Kishindo, 'miaka arubaini walala bandarini mwa mume, kumbe meli nyingine ilishatia nanga.' Akacheka hata kata ikamwanguka mkononi."

Mwanamke mmoja alitoa kicheko, akakizima kwa leso. Wengine walikuwa wakimtazama Mejumaa waone naye atacheka. Mwanaesha alikiona kidole cha mamake. Kilikuwa juu ya goti, kinatembea polepole juu ya kanga, kinachora, kisha kikasimama. Mejumaa akageuza kichwa, akamtazama bintiye aliye mlangoni. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma, herufi moja baada ya nyingine, na akafika mwisho.

"Da' Mejumaa," Batuli akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na watu ishirini walidhani ni adabu. Watatu tu mle chumbani walijua ni kitu gani. "Sisi sote umetuoshea mama zetu. Simtaji mtu. Lakini aliyeandika haya hakuyaota. Msahafu ule pale. Tuapie kwamba siri ya maiti haijatoka kwako, turudi majumbani mwetu tukalale raha."

Lo, ombi lilikuwa jepesi. Wanawake wakaitikia: naam, aape, yaishe. Na Mwanaesha alijua, kama nyinyi mnavyojua sasa, kwamba mamake hakuwahi kumwambia mtu kwa kinywa. Angeweza kuapa. Angeapa kwa ulimi safi, na Mungu ndiye angejua habari za kidole na jivu. Lakini pia alimjua mamake. Alijua kuwa mwanamke yule hataweka mkono juu ya Msahafu huku akijua. Basi yeye ndiye wa kusema. Alifungua kinywa.

"Mimi…" akasema.

"Mwanaesha," mamake akasema bila kumtazama, "nipe buibui langu."

Akampa. Mejumaa akasimama, akajifunika taratibu, kisha akamkabili Batuli.

"Siapi," akasema. "Nisikilizeni vizuri, maana sitalirudia. Leo nikiapa kwa ajili ya mmoja, kesho nitaitwa kuapa kwa ajili ya mwingine. Na iko siku nitakataa, na siku hiyo mtajua. Mwosha haapi kuwa ameona, wala haapi kuwa hakuona, wala haapi kuwa amesema au hakusema. Ananyamaza kwa wote sawasawa. Nikiuvunja unyamavu wangu kujiokoa, mama zenu nitakuwa nimewavua nguo."

Batuli alikuwa ameweka mkono kinywani. Macho yake yalijaa. Wale wengine nao walielewa walivyoelewa: amekataa kuapa, basi ni yeye. Hakuna aliyewasindikiza hadi chini.

Njiani mama na binti hawakusemezana. Siku ya pili hawakusemezana ila salamu na chakula. Siku ya Jumatano alfajiri, nyumba ya tatu kutoka kwao, bibi mmoja mgonjwa wa siku nyingi alifariki. Wakasikia vilio. Mejumaa aliswali, akatoa mkoba wake, akapanga pamba, kafuri, ubani, sanda akaikunja upya, akakaa karibu na dirisha kungoja kuitwa, kama alivyofanya kwa miaka thelathini na moja. Ikapita saa moja, ikapita saa mbili. Saa tatu wakamwona mwanamke mgeni, mwosha kutoka Majengo, akipita chini ya dirisha na mkoba wake, ameongozwa na mpwa wa marehemu. Yule mpwa alipofika usawa wa dirisha aliinamisha kichwa.

Mejumaa akafunga mkoba. Mwanaesha hakustahimili tena, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, ni mimi. Masha ni mimi."

"Najua. Tangu Jumapili."

"Naenda kwa Bi Batuli sasa hivi. Nitamwambia hukusema neno. Nitawaambia wote, nitasimama pale barazani niwaambie."

"Utawaambia nini?" Mejumaa aliuliza, na ndiyo mara ya kwanza sauti yake ilipokuwa na ukali. "Leo mji mzima wabishana bibi yule ni wa nani. Kila mmoja amtaka awe wake. Wewe ukijitokeza, ukasema ulilijua kwa mamako, hawatahesabu? Hawatauliza mamako alimwosha nani ulipokuwa mtoto? Kabla ya adhuhuri watafika kwa Mwanahamisi. Wacha wabishane. Huna ruhusa ya kujitakasa."

"Basi nitakaa nikutazame ukitupwa?"

"Utakaa. Kunyamaza ndiko huko. Hukudhani ni kazi?"

Mwanaesha alilia, akalia kama aliyefiwa, na kwa kuwa mtaani palikuwa na msiba hakuna aliyeshangaa kumsikia. Mamake alimwacha amalize. Kisha akakitoa kile kitabu chini ya mto, akampa.

"Nisomee. Pale pale. Ulivyoandika, usitie wala usitoe."

Akasoma. Alisoma kurasa zote nne, macho yakimwuma, maneno aliyoyapenda miaka mitatu yakimtoka kinywani yamekuwa mazito. Alipofika pale pa meli na nanga, alisikia sauti akainua uso. Mamake alikuwa amecheka. Kicheko kifupi, cha kweli, kilichomponyoka, na mkono ulikuwa tayari mdomoni kukirudisha.

"Ni maneno mazuri," Mejumaa akasema baadaye. "Hilo ndilo baya lake. Yangekuwa mabaya, ungeyafuta. Mimi sikumwambia mtu kwa kinywa, Mwanaesha. Lakini nilitaka kujua, na kidole changu kikaenda kuuliza. Na wewe ulitaka kuchekesha. Sote wawili tumemtoa nje yule mwanamke. Mimi kwa jivu, wewe kwa chapa."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Wewe ni mwanangu, nitakwenda nawe wapi?" Akapangusa jalada la kijani kwa kiganja, akaliweka kando. Nje walikuwa wakipitisha madebe ya maji kwenda nyumba ya msiba. "Lakini nikufunze jambo, na ulishike, maana sitaandika wasia mwingine. Nikifa, mwite Batuli anioshe."

Mwanaesha hakuelewa. "Bi Batuli? Aliyekuharibia jina?"

"Yeye. Aliona kifua cha mamake akanyamaza miaka kumi na mitano. Na Jumapili, na uchungu wote ule, mbele ya watu ishirini, jina la mamake hakulitaja. Yeye nitamwachia mwili wangu."

"Na mimi, mama? Mimi ndiye binti yako. Mimi ndiye mwenye haki ya kukuosha."

Bi Mejumaa alimshika shavu kwa ule mkono wake mkubwa, akauacha ukae pale, bila hasira yoyote.

"Wewe utakaa ukumbini na wageni," akasema. "Uwapokee, uwape maji. Chumbani usiingie."

Adhana ya adhuhuri ilipolia, Mwanaesha alichota maji ya udhu ya mamake kama kila siku, akayabeba mpaka mlango wa chumba, akayaweka kizingitini.